Kuaga marafiki unapomaliza masomo China: mwongozo wa wiki sita za mwisho

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayemaliza chuo Wuhan, Guangzhou au Beijing huingia mwezi Juni na mambo mengi kichwani: tasnifu, tiketi, kibali cha ukaazi, mabegi. Kuaga watu huachwa hadi usiku wa mwisho, na usiku huo nusu ya wanaostahili kuagwa wameshaondoka. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza wiki sita kabla ya safari. Watu mliokula pamoja miaka minne hawaagwi kwa ujumbe mmoja kwenye kundi la WeChat, programu ya Wachina ya kutumiana ujumbe.

Wiki sita kabla: jua nani anaondoka lini

Wachina wengi wa mwaka wa mwisho wanakuwa kwenye mafunzo ya kazi katika miji mingine. Hurudi chuoni siku chache tu, wakatetea tasnifu, wakapiga picha za majoho getini, wakachukua vyeti, kisha wakatawanyika. Mahafali mengi huangukia katikati hadi mwisho wa Juni, na mabweni ya wahitimu hufungwa mapema baada ya hapo. Wenzako wa nyumbani walio mwaka wa pili au wa tatu nao wanaweza kuwa wamekata tiketi za likizo. Kwa hiyo chukua karatasi, andika majina, kisha muulize kila mmoja swali moja tu: unaondoka lini? Tarehe ikiwa ya mapema kuliko yako, mkutano wenu unapangwa kabla ya tarehe hiyo.

Majina hayo yagawe mafungu matatu. Marafiki wa karibu, wasizidi kumi, kila mmoja apate muda wake peke yake, hata kama ni saa moja ya kutembea kuzunguka ziwa la chuo. Wa darasa, wa maabara na wa timu ya mpira wanatosha kwenye meza moja ya pamoja. Fungu la tatu ndilo linalosahaulika: mama wa zamu bwenini, mlinzi wa geti, mpishi wa kantini aliyekuzoea akawa anakuongezea wali bila kuombwa. Kichina humwita mama yule *ayi*, ambalo kwa asili ni mama mdogo, na mlinzi mwenye umri humwita *shushu*, baba mdogo. Ukoo huo tunaufahamu sisi, basi uheshimu. Mama aliyekufungulia mlango saa sita za usiku wa baridi kwa miaka minne haagwi kwa kurudishiwa funguo. Mpelekee matunda, kaa naye dakika kumi kwenye chumba chake cha zamu, mwambie unaondoka siku gani. Nenda saa za mchana akiwa kwenye zamu yake, maana zamu hubadilishwa na unaweza kumkosa kabisa.

Siku hiyohiyo fungua pasipoti uangalie kibali cha ukaazi kinaisha lini. Faini ya kuzidisha muda ni yuan 500 kwa siku, mpaka kufikia yuan 10,000, na rekodi yake inaweza kukufuata ukiomba viza tena. Sherehe ya kuagana isikubakishe hata siku moja baada ya tarehe iliyoandikwa.

Wiki tano kabla: madeni na vitu

Lipa deni kabla ya kula chakula cha kuagana. Rafiki anayekudai yuan 300 hatakuambia, ila ataikumbuka meza nzima. Pitia historia ya malipo kwenye simu, angalia nani alikulipia tiketi ya treni, nani alikuagizia kitu mtandaoni. Na wewe unayedai, amua mapema: ama udai sasa kwa upole, ama usamehe moja kwa moja. Kudai ukiwa umeshafika nyumbani huua urafiki.

Vitu vya chumbani vigawe kwa utaratibu. Vya kuuzwa (baiskeli ya umeme, meza, kioo) vitangazwe mapema, kwa sababu mwezi Juni kila mhitimu anauza na bei inaporomoka. Baiskeli ya umeme ikabidhiwe pamoja na funguo zote mbili, chaja na karatasi za namba ya usajili. Bila hizo, polisi wakimsimamisha aliyeinunua, ni wewe utakayepigiwa simu. Masufuria, blanketi nzito la baridi, jiko la umeme la wali na pasi wape wadogo zako wa nyumbani waliofika mwaka huu. Mpe kila mmoja kitu mahususi, umtajie kwa jina. Ukiacha rundo mlangoni ukasema "chukueni", mwenye kasi ndiye atakayebeba vyote, na mgeni aliyehitaji blanketi atabaki na baridi ya Januari.

Wiki nne kabla: zawadi

Hapa makosa ni mengi kwa sababu Wachina husikiliza jina la kitu linavyotamkwa. Usimpe mtu saa ya mezani wala ya ukutani: kutoa saa kunasikika sawa na kumsindikiza mtu kaburini. Mwavuli unasikika kama kutawanyika. Kugawana peasi ni kama kusema mnatengana, na hasa wakati wa kuagana linachoma. Viatu pia viache. Maua ya krisanthemumi meupe au ya njano ni ya msiba. Vitu visiwe vinne, kwani nne inakaribiana na kifo kwa matamshi. Karatasi ya kufungia iwe nyekundu au ya dhahabu, isiwe nyeupe wala nyeusi. Toa kwa mikono miwili. Akikataa mara ya kwanza na ya pili, huo ni ustaarabu, endelea kumpa kwa upole. Asipoifungua mbele yako usisononeke, wengi hufungua wakiwa peke yao.

Cha kutoa? Kanga ndiyo bora kuliko vyote, ikiwa tu utaieleza. Mpe doti nzima, usikate. Kunjua upande mmoja mezani, mwonyeshe mji, mwonyeshe pindo, kisha weka kidole kwenye jina lililoandikwa chini na ulisome taratibu. Kwa mfano "Wema hauozi". Mwandikie tafsiri ya Kichina kwenye kadi ndogo na uibane kwa pini kwenye kona. Mchina anayeambiwa kwamba nguo hii inasema, na kwamba imechaguliwa kwa ajili yake, hutundika ukutani. Asiyeelezwa huigeuza kitambaa cha meza, na hana kosa. Kagua jina kabla ya kununua: kanga ya mafumbo ya wivu na masimango si ya kumpa mtu unayeagana naye.

Kahawa ya Bukoba au ya Kilimanjaro inapendwa. Majani ya chai ya kwetu yanahitaji maelezo, maana wao huloweka majani mazima kwenye maji ya moto bila maziwa. Chai yetu ya unga ikitiwa hivyo inakuwa chungu na inajaza mdomo machicha. Waonyeshe kuichemsha na kuichuja. Kama hukuagiza vitu hivi kwa mtu aliyetoka nyumbani likizo ya Januari na Februari, muda umeshapita. Badala yake chapisha picha zenu, saizi ya postikadi, na uandike nyuma ya kila moja kwa mkono. Hazizidi yuan chache na hakuna anayezitupa.

Msimamizi wa utafiti ni suala la peke yake. Usimpelekee chochote kabla tasnifu haijapita. Baada ya hapo mpe kitu kidogo cha nyumbani pamoja na barua ya shukrani ya ukurasa mmoja. Zawadi ya gharama inamweka pabaya, kwa kuwa kanuni zinawazuia walimu kupokea vitu vya thamani kutoka kwa wanafunzi.

Wiki tatu kabla: chakula

Kuna milo miwili. Wa kwanza ni wa darasa, unaoitwa *sanhuo fan*, chakula cha kutawanyika. Mara nyingi hula hotipoti (sufuria ya supu inayochemka mezani, kila mtu akichovya nyama na mboga) au mishikaki na kila mtu hulipa fungu lake kwa simu. Lakini ukitamka "wo qing ke", yaani nawakaribisha mimi, bili yote ni yako, kwa hiyo usiitamke kwa uchangamfu tu. Kiti kinachotazama mlango ni cha mkubwa au mgeni wa heshima. Subiri uonyeshwe pa kukaa. Ukigonganisha glasi na mwalimu au aliyekuzidi umri, ukingo wa glasi yako uwe chini ya wake. "Ganbei" maana yake maliza yote. Usiyekunywa pombe sema "yi cha dai jiu", natumia chai badala ya pombe, na uinue kikombe cha chai kila wanapoinua. Msemo huo unaeleweka na hakuna atakayekulazimisha. Waislamu wachague mapema mgahawa wenye alama ya *qingzhen*, yaani halali. Migahawa ya tambi za Lanzhou iko karibu kila mtaa, na mwaliko ukitoka kwako wote watafuata.

Mlo wa pili ni wako: wapikie. Pilau ya watu 12 inataka mchele kilo 1 na nusu, nyama ya ng'ombe kilo 1 na nusu, vitunguu vikubwa 6, vitunguu saumu vichwa 2, tangawizi ya ukubwa wa vidole gumba viwili, binzari nyembamba vijiko 2 vya chakula, karafuu 10, iliki 10, mdalasini vijiti 2 na pilipili manga nzima kijiko cha chai.

Pilau huharibika China kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mchele. Mchele wa kaskazini-mashariki, *dongbei mi*, ni mfupi na unanata. Utapata bokoboko hata ukipunguza maji. Nunua mchele mrefu wa Thailand, *taiguo xiangmi*, uoshe mpaka maji yawe meupe kidogo tu, usiuloweke, na utie supu kikombe kimoja na robo kwa kila kikombe cha mchele. Ya pili ni viungo. Binzari nyembamba ipo tele kwa jina la *ziran*, lakini ile ya unga wa mishikaki mara nyingi imechanganywa na chumvi na pilipili; nunua mbegu nzima ukazisage. Mdalasini ni *guipi*, karafuu ni *dingxiang*. Iliki usiichanganye na ile nyeusi kubwa iitwayo *caoguo*: ina harufu ya moshi na itabadilisha sufuria nzima.

Kaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawia iliyokolea, usivitoe vikiwa vya dhahabu, maana rangi ya pilau inatoka hapo na si kwenye sosi ya soya. Jiko la wali la lita 3 halibebi kiasi hiki, gawanya mara tatu au tumia sufuria kubwa kwenye jiko la pamoja la ghorofa, ukiwa umeandikisha siku. Usipike chumbani: vyombo vya umeme mkubwa haviruhusiwi na umeme wa ghorofa nzima unaweza kukatika katikati ya mapishi. Kachumbari weka kwenye bakuli la pembeni, kwa kuwa wengi hawajazoea mboga mbichi. Pilipili nayo kando. Mtu wa Sichuan au Hunan ataimaliza, wa Guangdong ataitazama tu. Waambie karafuu na mdalasini havitafunwi. Waonyeshe kula kwa mkono, lakini vijiti na vijiko viwepo mezani. Na chemsha maji: wageni wako watauliza maji ya moto kabla ya soda.

Wiki mbili kabla: maneno yenyewe

Kwa wenzako wa nyumbani, kuaga bila kutakana radhi hakujakamilika. Mfuate mtu chumbani kwake, si kwenye kundi, umwambie: "Kaka, tumekaa pamoja, na vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. Nilipokukwaza nisamehe." Atajibu amesamehe na ataomba yake. Uliogombana nao waendee kwanza. Kama mlinuniana kwa sababu ya pesa za chama cha wanafunzi au zamu ya usafi, mlango huo ukifungwa China ni vigumu kuufungua ukiwa Mwanza na yeye Mombasa au Bujumbura.

Mchina ukimwendea na "duibuqi" (samahani) tupu atashtuka, atadhani umeharibu kitu. Kwake neno sahihi ni shukrani ya kutunzwa: "xiexie ni yizhi zhaogu wo", asante kwa kunitunza wakati wote. Baada yake taja tukio moja halisi, kama siku aliyokupeleka hospitali akakaa kwenye foleni ya namba badala yako. Hilo moja linatosha. Wengi, hasa watu wazima, hawakumbatiani. Subiri afungue mikono yeye. Wengi hawatasema maneno mengi ya hisia. Watakubebea begi, watakununulia matunda, watauliza mara tatu kama umekula. Ndiyo kuaga kwao, ipokee hivyo.

Usiahidi "nitarudi mwakani" kama hujui. Ahadi inayotimizika ni hii: ukija kwetu, nitakupokea uwanja wa ndege. Wewe ukimwaga anayetangulia kwa ndege, sema "yi lu ping an", safari ya salama. "Yi lu shun feng", upepo wa nyuma, wengine huikwepa kwa wapanda ndege, kwa kuwa ndege hupaa ikielekea kwenye upepo.

Wiki moja kabla: usipoteze uzi

Usiwaambie Wachina "tutaonana WhatsApp". WhatsApp, Facebook, Instagram na Gmail zimefungwa huko. Urafiki wenu utaishi ndani ya WeChat, na akaunti hiyo imeunganishwa na laini yako ya China. Ukiifuta laini, baada ya muda namba hupewa mtu mwingine, na unapobadilisha simu ujumbe wa uthibitisho unakwenda kwake. Fuata mpangilio huu bila kuuruka:

1. Toa pesa kwenye pochi ya WeChat na ya Alipay ziingie benki; ukitaka, bakiza kidogo tu kwenye WeChat.
2. Kwenye mipangilio ya akaunti, badilisha namba ya simu kuwa ya nyumbani. Fanya hivyo laini ya China ikiwa bado hai, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho kwenda namba za +255 au +254 wakati mwingine hauji na utahitaji kurudi nyuma.
3. Hamisha mazungumzo. WeChat haiyahifadhi mtandaoni. Yamo ndani ya simu yako tu. Yanakiliwe kwenye kompyuta kupitia Wi-Fi moja, hasa yenye sauti na picha.
4. Funga akaunti ya benki.
5. Laini ndiyo ya mwisho. Ukiweza, ibakize kwenye kifurushi cha bei ya chini kabisa kwa miezi kadhaa.

Kwa kila rafiki wa karibu chukua pia baruapepe inayofunguka kwake, za QQ au 163, na anwani ya wazazi wake ikiwa ameiridhia, maana mhitimu hubadilisha mji na kazi lakini wazazi hubaki. Mchague mmoja anayebaki chuoni wa kukusaidia kufuatilia karatasi, umwachie barua ya idhini iliyosainiwa na nakala ya pasipoti. Vyeti vyenyewe, cha kuhitimu na cha shahada, ni viwili tofauti na vikipotea havitolewi tena. Vyako vibebe begi la mkononi, usimpe mtu.

Siku ya safari

Kaskazini kuna kawaida ya kumlisha msafiri jiaozi (vifuko vya unga vyenye nyama au mboga ndani) kabla hajapanda gari, na tambi anapofika. Rafiki akikuletea jiaozi saa kumi na mbili asubuhi, kula hata kama huna njaa.

Tiketi nyingi za kwenda Afrika huruhusu mabegi mawili ya kilo 23, lakini soma yako. Pima mabegi usiku uliotangulia ukiacha nafasi ya kilo 2, kwa sababu zawadi za mwisho hutolewa mlangoni, nazo haziwezi kukataliwa. Pombe ya *baijiu* iende kwenye begi kubwa ikiwa imefungwa kama ilivyotoka dukani na isizidi asilimia 70. Kiberiti cha gesi hakiruhusiwi kabisa. Betri ya kuchajia simu ibebwe mkononi, na kama una ndege ya ndani ya China kwanza iwe na alama ya 3C, alama ya usalama ya China. Sharti hilo lilianza tarehe 28 Juni 2025. Vitu vilivyofungwa kwenye mifuko ya plastiki vihamishie kwenye mfuko wa kitambaa: Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019.

Agiza gari la watu sita. Teksi nyingine hutumia gesi na mtungi umekaa kwenye buti. Ukiondoka kwa treni, wasindikizaji huishia kwenye ukaguzi wa mlango wa kituo, hawafiki kwenye behewa, basi picha na kukumbatiana kumalizike nje. Uwanja wa ndege wanaingia ukumbini. Fika saa tatu kabla ya ndege, na waombe wasubiri mpaka mabegi yapimwe. Kilo zikizidi, kinachotolewa kinarudi nao badala ya kutupwa kwenye pipa.

Baada ya kufika

Wengi watakuwa wamekuambia "dao le shuo yisheng", ukifika useme. Andika "dao le" (nimefika) ukibadilisha ndege, tuseme Addis Ababa, uandike tena nyumbani, kwa kila mmoja peke yake.

China iko mbele ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa saa 5, na mbele ya Kigali, Bujumbura na Lubumbashi kwa saa 6. Saa 3 usiku ya Beijing ni saa 10 jioni Dar. Unapopanga simu andika 21:00 au 16:00, usitafsiri saa zetu za Kiswahili, maana ukisema saa 10 atasubiri saa nne ya usiku.

Salamu ya kwanza kubwa ni mwaka mpya wao, ambao huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari. Wa 2027 ni tarehe 6 Februari. Usingoje asubuhi yake. Mkesha wake, saa 1 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kwao inagonga saa 6 usiku na fataki zinalipuka. Tuma ujumbe wa sauti wakati huo, na bahasha nyekundu ya WeChat ikiwa bado una pesa kidogo ndani. Bahasha moja haizidi yuan 200, na isipofunguliwa ndani ya saa 24 pesa inarudi kwako.